Pembetatu Yenye Pete Tatu

Nilipofika nyumbani likizo ile ndefu, nilimkuta Mungu ameegemezwa ukutani sebuleni, nyuma ya kiti cha Baba, ubavuni mwa feni mbovu.

Nasema Mungu kwa kifupi. Ilikuwa ile pembetatu ya mbao iliyoning'inia juu ya madhabahu ya kanisa letu tangu nipate akili: pande zake zote sawa, na katika kila pembe neno limechomwa kwa chuma cha moto. Baba. Mwana. Roho. Kule juu ilionekana ndogo na yenye utukufu. Pale sebuleni ilikuwa kubwa kama mlango, na buibui alikuwa ameshaanza ujenzi kati ya Mwana na Roho.

Nilimwamkia Baba, akaitikia, akauliza habari za safari, nikasema nzuri. Kisha nikauliza ile pembetatu inafanya nini nyumbani kwetu.

"Inangoja," alisema, akarudi kwenye kitabu chake.

Baba yangu ni mchungaji, na wachungaji wana namna ya kusema neno moja halafu wakakuachia ulitafakari mpaka chakula cha jioni. Nililitafakari huku nikiburura sanduku langu la bati kwenda chumbani. Nyumba ilikuwa kimya mno. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga, na asingerudi mpaka shule zifunguliwe. Ndugu sina. Mimi ni mwana wa pekee, jambo ambalo katika nyumba ya mchungaji watu hukutania nalo tangu ubatizo mpaka unachoka. Lakini ukimya huu haukuwa wa Mama kutokuwapo tu. Ilikuwa Jumapili alasiri, na kwetu Jumapili alasiri haijawahi kuwa kimya, kwa sababu ndio muda ambao Mwenyekiti huja kucheza drafti.

Mwenyekiti ni baba yangu wa ubatizo. Ni mpima ardhi mstaafu, amefiwa na mkewe, ni mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kumwita baba yangu mwizi mbele ya watoto. Wamechezea ubao ule ule na vizibo vile vile vya soda tangu kabla sijazaliwa. Hubishana kwa sauti ambayo mpita njia mgeni hudhani kuna mnada.

Ubao ulikuwa mezani, kati ya viti viwili, umefunikwa kwa kitambaa cha Mama. Nilifunua pembe moja. Vizibo vilikuwa vimesimama katikati ya mchezo, vingine juu ya ubao, vilivyoliwa pembeni, kama watu waliokimbia nyumba na kuacha sufuria jikoni. Nikafunika.

Shuleni naitwa Askofu. Jina hilo nililipata baada ya kuongoza ibada ya mazishi ya benchi la bwaloni lililovunjika, kwa msafara, wimbo, na wasifu wa marehemu. Adhabu yake ilikuwa kufyeka uwanja wa mpira. Nalitaja ili ieleweke kwamba sikuumbwa kupita mbele ya ubao uliofunikwa kama maiti nikatulia. Kesho yake Baba alipotoka kumtembelea mgonjwa, nilisogeza kizibo kimoja, cha pembeni kabisa, mraba mmoja mbele. Nilitaka kuona tu. Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja mezani, akafunua kitambaa kama mtu mwenye desturi ya kufunua, akakirudisha kizibo mahali pake kwa ncha ya kidole, akafunika. Hakuuliza kitu. Angeuliza, ningetunga uongo wa kuheshimika na tungecheka.

Jioni, wakati yeye anaosha vyombo na mimi ninafuta, nilimchokonoa mpaka akasimulia.

Mambo yalianza na seremala. Pete ya chuma iliyoshikilia pembetatu ilikuwa imelika, wakampelekea aibadilishe. Seremala ni mtu wa moyo mkunjufu; alifunga pete mpya kwenye pembe zote tatu, ili moja ikichakaa mbili ziwe akiba. Jumamosi Mwenyekiti akapanda ngazi kuirudisha, pimamaji mfukoni, akaishika ile pembetatu, akaigeuza, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kanisa letu akauliza kutoka juu: pembe ipi inakaa juu?

Watu waliokuwa wakifagia walisema Baba, bila shaka. Mama mmoja wa kwaya akauliza hiyo bila shaka imetoka wapi. Mpaka jioni ngazi ilikuwa bado imesimama, pembetatu iko chini, na kila mwenye ulimi alikuwa ameshakuwa mwanateolojia.

Baraza la wazee lilikutana. Mwenyekiti akaleta suluhisho, na wazee wakalipigia makofi: zamu. Miezi kadhaa Baba akae juu, kisha Mwana, kisha Roho, halafu wanarudia. Nafsi tatu zilizo sawa, akasema, zinastahili kutendewa sawa, na pete ziko tayari.

Niliposikia hapo niliangusha kijiko. Mimi ni mtu wa bweni; zamu naijua. Kuna zamu ya kufagia, zamu ya kuchota maji, zamu ya kugonga kengele. Lakini hata sisi, pamoja na uhuni wetu wote, hatukuwahi kumpangia zamu Muumba wa mbingu na nchi.

"Ukacheka?" nilimuuliza.

Baba akasema hakucheka, na kwamba labda angecheka ingekuwa heri. Alikataa. Aliwaambia wazee kuwa kiti kinachokaliwa kwa zamu ni kikubwa kuliko wanaokikalia, na hakuna kiti kilicho kikubwa kuliko Mungu. Mungu Baba haitwi wa kwanza kwa kupewa cheo. Yeye ni chanzo: Mwana amezaliwa kwake, Roho anatoka kwake, na yeye hakutoka kwa yeyote. Wote watatu ni Mungu kamili, hakuna robo wala nusu. Wazee waliguna. Jumapili iliyofuata akalipandisha jambo hilo mimbarani, na katikati ya mahubiri Mwenyekiti akasimama kwenye benchi la mbele akauliza kama sasa Mwana ameshakuwa mungu mdogo.

"Nawe ukajibu nini?"

"Nilimjibu," Baba alisema, akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Akatoka. Hajarudi kanisani wala hapa. Pembetatu nimeileta nyumbani maana kule kila aliyepita aliigeuza."

Nikauliza mchezo ule mezani ulikuwa zamu ya nani.

"Yake," akasema haraka mno.

Adabu inataka mtoto akirudi kutoka shule akamsalimie baba yake wa ubatizo. Nilivaa shati lenye kola nikaenda. Mwenyekiti anakaa ng'ambo ya pili ya mji, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, katika nyumba ambayo hakuna picha iliyoinama ukutani. Ukipigilia msumari kwake, yeye huja nyuma yako na pimamaji. Nilipobisha hodi nilisikia watu wawili wakizozana ndani, nikafurahi kwamba ana wageni. Hakuwa na mgeni. Ilikuwa redio ya sebuleni na redio ya jikoni, kila moja stesheni yake, zote zimefunguliwa kwa sauti.

"Askofu wangu," alisema nilipotoa shikamoo. "Marahaba. Umerefuka vibaya. Kaa."

Kisha, kabla sijakaa, aliganda kidogo, kana kwamba neno lile la mwisho limemchoma ulimi, akanisogezea kiti kwa mkono bila kusema tena.

Alinipa soda. Aliniuliza maksi zangu, nikazipamba kiasi. Nilidhani atanyamazia lile jambo kubwa, lakini hata soda haijafika nusu alikuwa ameshika penseli. Aliniambia nimwambie baba yangu kwamba yeye amepima mashamba ya watu maisha yake yote, na hajaona baba na mwana ambao baba hakutangulia. Kila baba alikuwapo siku moja ambayo mwanawe hakuwapo. Basi kama Baba ndiye chanzo, je, kulikuwa na wakati Mungu hana Mwana?

"Mwambie hivyo hivyo," alisema. "Usiongeze mbwembwe zako."

Nilimwambia Baba hivyo hivyo. Alikuwa akila, aliweka kijiko chini. Macho yake yalifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nije: yalimtafuta mtu wa kugombana naye, yakanikuta mimi, yakaridhika. Akasema nimwambie Mwenyekiti kwamba hapo anapima kwa kamba ya wanadamu. Chanzo si kutangulia kwa saa. Hakuna asubuhi ambayo Baba aliamka hana Mwana, maana asiye na mwana si baba bado. Angekuwa kitu kingine. Kesho yake nikavaa tena shati la kola.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ujumbe. Asubuhi napeleka, mchana narudisha. Mwenyekiti akasema: kumbe Mwana ndiye anayemfanya Baba awe Baba, basi wanategemeana, basi ni sawa kwa sawa, basi itundikwe kwa zamu. Baba akasema: wako sawa, nani kakataa, lakini mwenye kutoa na mwenye kupokea wanaweza kuwa sawa bila kubadilishana nafasi; mimi na kijana wangu ni watu sawasawa, lakini yeye ndiye aliyetoka kwangu, na hata tukae zamu miaka mia mimi sitatoka kwake. Mwenyekiti akacheka sana kwa hilo, akasema tena akinitazama kwamba Mungu ashukuriwe kwa hilo. Kisha akakumbuka kuwa yuko vitani, akakunja uso. Roho alitajwa mara chache, kama mtoto wa mwisho anayepitishwa juu ya vichwa vya wakubwa, mpaka Baba alipouliza kwa nini kila mtu anagombania pembe mbili wakati za pembetatu ni tatu.

Nakiri kwamba nilifurahi. Baba alianza kunyoa ndevu kila siku. Alitoa vitabu chini ya kitanda, akavikung'uta vumbi, akawa anatembea sebuleni akinihubiria mimi na feni mbovu. Kwa Mwenyekiti, siku moja nilikuta redio ya jikoni imezimwa. Nikajiona mtu mkubwa. Nililala nikipanga jinsi nitakavyotajwa siku ya mapatano, na kama ningevaa joho.

Aliyenizindua ni Mwenyekiti mwenyewe, bila kujua. Nilimwambia likizo inaisha, Jumatatu naondoka. Akashtuka kweli, akaweka penseli.

"Sasa nitakuwa nazungumza na nani?"

Nilirudi nyumbani polepole, nikipita katikati ya cheche za wachomeleaji. Siku zote zile, huku na kule, hakuna aliyeniuliza mwenzake anaendeleaje. Hakuna aliyesema mwambie aje. Kwa nini aseme? Walikuwa na mimi. Nilikuwa nimewachimbia mfereji mzuri wa maneno kati ya nyumba mbili, na kwa sababu maneno yalipita, watu hawakuwa na haja ya kupita. Jumatatu mfereji ungepanda basi na sanduku lake la bati. Baba angebaki na kitambaa cha Mama juu ya ubao, na Mwenyekiti angewasha redio ya jikoni.

Basi siku iliyofuata nikagoma. Nilikwenda kwa Mwenyekiti na swali la mwisho la Baba mfukoni, lile la pembe ya tatu, na sikulitoa. Nilimuuliza langu: Baba alikujibu nini siku ile kanisani?

Redio ya sebuleni ilikuwa ikitangaza bei za mabati. Akanyoosha mkono akaipunguza.

"Alisema, 'Sikusema hivyo. Kaa, nimalize.'"

"Ndiyo tu?"

"Mbele ya watu wote, mwanangu. Kaa. Kama unavyomwambia mtoto wa darasa la kwanza." Alitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya kwanza alipopanda mimbarani, anatetemeka hawezi kufungua ukurasa. Kaa."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Vitabu vyote vile chini ya kitanda, kamba zote za kupimia, na chini yake kabisa neno moja linaloambiwa hata mbwa. Niliaga.

Jumapili ile, ya mwisho kwangu, kanisa lilikuwa na mianya. Ukuta juu ya madhabahu ulibaki na alama nyeupe ya pembetatu, rangi ambayo jua halikuifikia, na watu waliitazama hiyo kuliko walivyomtazama mhubiri. Baada ya ibada waliokuwa wakibaki kumsalimu Baba mlangoni walikuwa wachache, na hao walisalimu mikono yake wakiangalia viatu. Tulirudi nyumbani tukala. Baba akakaa kwenye kiti chake, mbele ya ubao uliofunikwa, akaniuliza kama Mwenyekiti ametoa jibu kuhusu ile pembe ya tatu.

Nikasema sijampelekea swali.

"Kwa nini?"

"Nimestaafu."

Alinitazama. Kwa kawaida hapo ningepewa hotuba. Nilivuta kiti cha Mwenyekiti nikakikalia, jambo ambalo katika nyumba yetu mtoto hafanyi, na nikauliza kwa sauti yangu ya kawaida, si ile ya Askofu:

"Baba, chanzo maana yake nini? Kwa lugha ya nyumbani."

Alifurahi, maskini. Alisogea mbele kama anayeshika kizibo. Akasema chanzo ni yule anayeanza. Hangoji kupewa ndipo atoe. Hakuna aliyempenda kwanza. Yeye ndiye aliyependa kwanza, na kila kitu kikafuata. Hiyo ndiyo heshima yote ya Baba, akasema. Watu hudhani ni kukaa juu. Siyo kukaa juu. Ni kuanza.

"Haangalii zamu ya nani?"

"Hata kidogo."

"Sasa wewe unangoja nini?"

Nje kulikuwa na mtoto anayegonga kopo. Baba alifungua mdomo, nikajua anatafuta hoja, na kwamba hoja anazo, anazo nyingi kuliko mimi. Angeweza kusema yeye si Mungu Baba, ni baba tu. Angeweza kusema Mwenyekiti ndiye aliyetoka. Aliufunga mdomo. Alifunua kitambaa, akakikunja mara mbili, akautazama mchezo.

"Nilimwambia akae," alisema. "Amekwambia?"

"Amenambia."

"Sikumaanisha vile. Niliogopa nitapoteza mstari nilipokuwa nimefika." Akapitisha kidole ukingoni mwa ubao. "Nikaupoteza hata hivyo. Alipotoka sikumbuki nilimaliza vipi."

Kisha akasimama, akauinua ubao kwa mikono miwili, vizibo vikiwa juu yake, akaniambia nimfungulie mlango.

Nimewahi kuona misafara mingi, na mingine nimeiongoza mwenyewe. Huu ulikuwa wa kwanza uliostahili. Baba alitembea katikati ya barabara ameshika ubao mbele ya kifua kama sinia la glasi, macho kwenye vizibo, na mimi mbele yake nikifukuza baiskeli, mbwa na watoto. Watu waliokuwa wamekaa vibarazani walinyamaza. Mwanamke mmoja alimwamkia, Baba akaitikia bila kuinua uso. Vilivyoliwa vilikuwa vimo mfukoni mwake, vinalia kila hatua. Karibu na karakana kulikuwa na bomba lililopasuka na mfereji mdogo wa matope. Aliuvuka kwa hatua pana, ubao ukainama, na kizibo kimoja kikateleza, kikavuka ubao mzima, kikatua ukingoni juu ya mkono wake.

Alisimama. Aliutazama ubao, akanitazama mimi.

"Kilikuwa wapi hiki?"

Sikujua. Yeye mwenyewe, aliyekigundua kile nilichosogeza mraba mmoja, sasa hakujua, kwa hofu nadhani. Midomo yake ilihesabu miraba na ikapotea. Tukaendelea na safari, kizibo kikiwa chini ya kidole gumba chake, na sura yake ikawa ya mtu anayepeleka zawadi iliyovunjika.

Mwenyekiti alifungua mlango akiwa na soksi tu miguuni. Nyuma yake redio zote mbili zilikuwa zikizozana. Wakatazamana, na kwa kuwa ndani ya nyumba mlimokuwa na mizozo miwili hakuna aliyeanza wa tatu, nilipita chini ya mkono wa Mwenyekiti nikaenda kuzizima.

Niliporudi walikuwa bado wamesimama, lakini Baba alikuwa ameingia, na ubao uko mezani.

"Kimoja kimeteleza," Baba alikuwa akisema. "Pale kwenye matope. Sikumbuki kilikuwa..."

Mwenyekiti alinyoosha mkono. Hakuinama kuangalia, hakuhesabu. Alichukua kizibo kutoka kwenye kidole cha Baba akakiweka.

"Kilikuwa hapa," alisema. Kisha akagusa kingine. "Na hiki kimehama kidogo. Katikati ya mraba, Mchungaji. Katikati."

Hapo ndipo nilipojua kwamba zilikuwapo mbao mbili za mchezo, mmoja kwetu chini ya kitambaa na mwingine hapa, katika giza la kichwa cha mtu anayelala na redio. Nadhani Baba naye alijua, kwa sababu aliketi ghafla bila kukaribishwa.

"Siku ile," akaanza.

"Cheza," Mwenyekiti akasema.

"Nilikwambia..."

"Nilisikia ulichoniambia. Kanisa zima lilisikia." Akavuta kiti chake mwenyewe, akakaa, polepole, akimtazama Baba usoni, kana kwamba anataka ionekane wazi kwamba safari hii amekaa kwa hiari yake. "Nami bado sikubali. Mambo yako ya chanzo. Nitasimama tena ukiyarudia."

"Simama. Mimi nitanyamaza mpaka umalize."

Mwenyekiti akatoa sauti puani. Baba akashika kizibo akakisukuma mbele.

"Haikuwa zamu yako," Mwenyekiti alisema.

"Najua."

"Huo ni wizi."

"Ndiyo. Naanza mimi."

Mwenyekiti aliutazama ubao kwa muda mrefu, halafu akautazama uso wa Baba kwa muda mrefu zaidi. Hakukirudisha. Alisogeza chake, akakila cha Baba palepale, akakiweka pembeni kwa mlio.

"Na pembetatu iko wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya kiti."

"Nani yuko juu?"

"Buibui."

Mwenyekiti akacheka, si sana, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Baba hakucheka, alifuta macho kwa kiganja akasema moshi wa wachomeleaji unaingia mpaka ndani. Kisha wakainamia ubao, na mmoja akasema jambo kuhusu Roho, na mwenzake akasema ngoja, ngoja hapo hapo, na sauti zikapanda.

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Nilingoja mtu aniambie nimwambie mwenzake kitu. Hakuna aliyenitazama. Meza ile ina viti viwili. Niliona kingine ukumbini, ningeweza kukileta, lakini walikuwa wamesogeleana vichwa kiasi kwamba hata kuaga kungekuwa kukata mstari wa mtu. Nikatoka, nikavuta mlango taratibu.

Nyumbani jua lilikuwa linazama dirishani mwa jikoni. Nilipasha chakula, nikala nimesimama. Nilipanga sanduku la bati mwenyewe, mashati, sabuni, soksi, nikalifunga kufuli ili asubuhi nisimcheleweshe mtu. Kisha nikakaa kwenye kiti cha Baba. Juu ya meza, pale ubao ulipokuwa, palibaki mraba safi uliozungukwa na vumbi. Nyuma yangu, buibui alikuwa amemaliza kazi. Nyuzi zake zilipita kutoka pembe hadi pembe, zote tatu, na sikuweza kuona alianzia wapi.

Nilitoka uani nikasikiliza. Nyumba ya Mwenyekiti iko mbali. Husikii kitu.

Nikarudi ndani nikawasha redio. Haikutosha. Nikaenda jikoni na simu ya zamani ya Mama, nikafungua stesheni nyingine, kwa sauti.